Ndoto ya chuo kikuu cha hadhi: Kwa nini mzazi wa Gatong'ora asikimbilie kuuza ploti

KILA matokeo ya Mtihani wa Kitaifa wa Kidato cha Nne (KCSE) yanapotangazwa, vifijo husikika katika nyumba kadhaa za Gatong'ora, wadi iliyoko katika eneobunge la Ruiru, Kaunti ya Kiambu. Hata hivyo, shangwe hizo aghalabu hazidumu. Kabla ya juma kuisha, wazazi huanza kujiuliza mtoto aliyepata A ataenda wapi, na kwa pesa za nani.

Kwa baadhi ya vijana jibu ni Chuo Kikuu cha Nairobi, Strathmore au Jomo Kenyatta kule Juja. Kwa wengine ndoto imevuka bahari. Wamesikia majina kama Harvard, Yale, Oxford na Cambridge, na hawaoni kwa nini majina hayo yawe ya watoto wa wengine.

Ndoto hiyo si ya kudharauliwa. Tatizo ni kwamba familia nyingi huanza safari hiyo bila kufahamu jinsi vyuo hivyo vinavyokokotoa gharama, nani hasa hulipa, na mlango upi hufunguka kwa asiye na pesa. Matokeo yake ni kwamba wengine hukata tamaa mapema ilhali wangeweza kufaulu, huku wengine wakiuza shamba kwa barua ambayo haikustahili hata nauli ya kwenda mjini.

Makala haya yanafafanua hesabu hiyo.

Kati ya kahawa na vyuo

Mkazi wa Gatong'ora hahitaji kusafiri mbali ili kuona chuo kikuu. Ukishika Barabara Kuu ya Thika, utakutana na vyuo vingi kuliko karibu sehemu nyingine yoyote ya nchi. Kuna Chuo Kikuu cha Kenyatta, ambacho kilianza 1965 baada ya Uingereza kukabidhi Kenya kambi ya kijeshi ya Templer iliyokuwa Kahawa, kisha kikawa chuo kikuu kamili 1985.

Kuna Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta cha Kilimo na Teknolojia kilichoanzishwa 1981 kwa msaada wa Japani na kuwa chuo kikuu kamili 1994. Kuna Mount Kenya mjini Thika, Zetech iliyo Ruiru, na USIU-Africa unapokaribia jiji.

Kabla ya vyuo, eneo hili lilijulikana kwa kahawa. Mitaa ya Kahawa Sukari na Kahawa Wendani ingali inabeba jina la zao hilo, na aina ya mbuni iitwayo Ruiru 11, iliyotolewa kwa wakulima 1985, ilitokana na utafiti uliofanywa papa hapa.

Mashamba mengi ya kahawa yamekatwakatwa na kuwa ploti. Ardhi imepanda bei, na kwa familia nyingi kipande hicho cha futi 50 kwa 100 ndicho akiba, bima na urithi kwa pamoja. Ndiyo maana karo inapotajwa, jicho la mzazi hukimbilia kwenye hatimiliki iliyofungiwa kabatini.

Na hapo ndipo penye hatari. Ploti ikishauzwa hairudi, ilhali barua ya chuo inaweza kuandikwa na yeyote mwenye kompyuta na mashine ya kuchapisha.

Safari iliyoanza zamani

Kiambu haikuanza jana kuota vyuo vya ng'ambo. Mnamo 1927, Peter Mbiyu Koinange, mwana wa Chifu Mkuu Koinange wa Mbiyu, alisafiri hadi Marekani kusoma katika taasisi ya Hampton jimboni Virginia. Baadaye alisoma Ohio Wesleyan na Chuo Kikuu cha Columbia, New York, kabla ya kurejea nyumbani 1938.

Mwaka uliofuata, Githunguri ilipata Chuo cha Walimu alichokiongoza, ambacho kilijengwa kwa michango ya wananchi waliotaka shule zisizodhibitiwa na wakoloni wala wamishonari. Serikali ya kikoloni ilikifunga chuo hicho baada ya kutangaza Hali ya Hatari 1952.

Wakati huo chuo cha hadhi kwa kijana wa Afrika Mashariki kilikuwa Makerere, Uganda, kilichoanzishwa 1922. Huko ndiko alikosomea Ngugi wa Thiong'o, mzaliwa wa Limuru, kabla ya kuendelea na masomo Leeds, Uingereza. Lakini nafasi za Makerere zilikuwa chache mno, na waliofuzu shule za upili bila kupata nafasi walizidi kuongezeka.

Pengo hilo ndilo lililomsukuma Tom Mboya, akisaidiwa na Dkt Julius Gikonyo Kiano na wenzao, kutafuta nafasi za masomo katika vyuo vya Marekani. Mnamo Septemba 1959, ndege ya kwanza iliondoka ikiwa na wanafunzi 81. Miongoni mwa waliochangia nauli ni mchezaji besiboli Jackie Robinson, mwanamuziki Harry Belafonte na mwigizaji Sidney Poitier.

Mwaka uliofuata, wakfu wa familia ya Kennedy ulitoa dola 100,000. Kufikia 1963, takriban vijana 800 kutoka Afrika Mashariki walikuwa wamenufaika na mpango huo.

Historia hiyo ina mafunzo mawili kwa mzazi wa leo. Kwanza, karibu hakuna aliyejilipia gharama zote. Chuo kilitoa nafasi na msamaha wa karo, wafadhili wakatoa nauli, nao wanakijiji wakachanga pesa za nguo na matumizi. Gharama iligawanywa kwa watu wengi hata ikabebeka.

Pili, jina la chuo halikuwa kila kitu. Wangari Maathai, aliyesafiri katika mpango huo 1960, hakupelekwa Harvard wala Yale. Alisomea Mount St. Scholastica, chuo kidogo cha wanawake cha Kikatoliki mjini Atchison, Kansas, ambacho watu wachache nchini walikuwa wamewahi kukisikia. Alihitimu huko 1964, akaendelea hadi Chuo Kikuu cha Pittsburgh, akapata shahada ya uzamifu Nairobi 1971, na mnamo 2004 akatunukiwa Tuzo ya Nobel ya Amani.

Bei inayoandikwa na bei inayolipwa

Jambo ambalo huwakanganya wazazi wengi ni bei. Mwaka wa masomo wa 2025-26, gharama ya kusoma Harvard, ikijumuisha karo, malazi na chakula, ilikuwa takriban dola 87,000. Kwa ubadilishanaji wa takriban Sh130 kwa dola, hizo ni zaidi ya Sh11 milioni kwa mwaka, au zaidi ya Sh45 milioni kwa miaka minne.

Mzazi akiona tarakimu hizo hufunga ukurasa. Lakini hiyo ni bei inayoandikwa, wala siyo bei ambayo kila mwanafunzi hulipa.

Vyuo tajiri vya Marekani vina hazina kubwa zilizojengwa kwa michango ya wahitimu na wahisani kwa karne nyingi. Faida ya hazina hizo hutumiwa kuwalipia wanafunzi kulingana na uwezo wa familia zao. Chuo hukadiria kile ambacho mzazi anaweza kutoa, kisha hulipa kinachobaki.

Mnamo Machi 2025, Harvard ilitangaza kwamba kuanzia mwaka wa masomo wa 2025-26, familia yenye mapato yasiyozidi dola 100,000 kwa mwaka, na mali ya kawaida, haitalipa chochote. Familia yenye mapato yasiyozidi dola 200,000 haitalipa karo. Chuo hicho hutoa msaada kwa wanafunzi wa kigeni kwa utaratibu ule ule unaotumiwa kwa Wamarekani.

Dola 100,000 ni takriban Sh13 milioni, yaani zaidi ya Sh1 milioni kwa mwezi. Mwalimu, muuguzi, mhudumu wa matatu, mwenye kibanda cha mboga au mfugaji wa ng'ombe watatu mjini Ruiru yuko chini sana ya kiwango hicho.

Kwa maneno mengine, chuo chenye bei ya kutisha zaidi huenda ndicho kitakachomgharimu kidogo zaidi mtoto wa maskini, iwapo atadahiliwa.

Hata hivyo, mzazi aelewe kwamba vyuo hivi huuliza pia kuhusu mali. Ploti, nyumba za kukodisha na biashara hutakiwa kutajwa katika fomu za msaada wa kifedha. Kuficha mali ni udanganyifu unaoweza kumfanya mwanafunzi afukuzwe. Kueleza ukweli, kwamba ardhi ipo lakini ndiyo makao ya familia nzima, si aibu.

Aina tatu za vyuo

Kwa mwanafunzi wa Kenya asiye na pesa, vyuo vya ng'ambo vinaweza kugawanywa katika mafungu matatu.

Fungu la kwanza ni la vyuo ambavyo havitazami uwezo wa kifedha vinapoamua nani adahiliwe, hata akiwa mgeni, na ambavyo huahidi kugharamia mahitaji yake yote. Miongoni mwavyo ni Harvard, Yale, Princeton, MIT, Amherst, Dartmouth na Bowdoin. Orodha hii ni fupi, na ushindani wake ni mkali ajabu. Harvard, kwa mfano, katika miaka ya hivi karibuni imekuwa ikiwakubali takriban waombaji 4 kati ya kila 100.

Fungu la pili ni la vyuo ambavyo hugharamia mahitaji yote ya mwanafunzi wa kigeni aliyedahiliwa, lakini hutazama mfuko wake kabla ya kumkubali. Hapa kuna vyuo vingi vidogo vya Marekani ambavyo majina yao hayavumi Ruiru, lakini ubora wao haupingwi. Kwa mwanafunzi hodari asiye na pesa, hapa huenda pakawa na nafasi kubwa zaidi kuliko kwenye majina yanayovuma.

Fungu la tatu ndilo kubwa kuliko yote. Ni la vyuo vinavyodahili kwa urahisi na kutoa punguzo tu. Tuseme chuo kinatoza dola 50,000 kwa mwaka na kinampa mwanao ufadhili wa dola 20,000. Barua itasema "hongera", na jamaa wataanza kupanga sherehe. Lakini dola 30,000 zinazobaki, kwa miaka minne, ni dola 120,000, au takriban Sh15.6 milioni.

Mzazi akiuza ploti moja ili kulipia mwaka wa kwanza, mwaka wa pili utamkuta bila ploti na bila karo. Mwanafunzi wa kigeni aliyeko Marekani kwa visa ya F-1 haruhusiwi kufanya kazi zaidi ya saa 20 kwa wiki chuoni muhula unapoendelea. Mshahara huo husaidia kununua vitabu na nguo, lakini hauwezi kulipa karo.

Nchini Uingereza hali ni tofauti. Oxford na Cambridge ni vyuo vya hadhi ya juu, lakini ufadhili kamili wa shahada ya kwanza kwa mwanafunzi kutoka Afrika ni nadra. Isitoshe, cheti cha KCSE peke yake kwa kawaida hakitoshi kumwingiza mtu moja kwa moja katika vyuo hivyo. Mlango wa Uingereza hufunguka zaidi katika shahada ya uzamili na ya uzamifu.

Kalenda ambayo haijui KCSE

Watahiniwa wengi hodari hukosa nafasi kwa sababu ya muda. KCSE hukamilika Novemba na matokeo hutoka wakati ambapo vyuo vingi vya Marekani vimefunga kupokea maombi. Makataa ya kawaida ni mwanzoni mwa Novemba kwa maombi ya mapema, na mwanzoni mwa Januari kwa maombi ya kawaida.

Kwa hivyo, mwanafunzi wa Kenya kwa kawaida huomba mwaka mmoja baada ya kumaliza Kidato cha Nne, na kuondoka Agosti ya mwaka unaofuata. Karibu miaka miwili hupita kati ya mtihani na ndege. Familia isiyofahamu hilo hudhani mtoto anapoteza wakati, na humshinikiza ajiunge na kozi yoyote iliyo karibu.

Katika kipindi hicho mwombaji hukusanya hati za matokeo, barua za walimu wanaomfahamu, na insha zinazoeleza yeye ni nani. Baadhi ya vyuo pia hutaka mtihani wa SAT. MIT ilirejesha sharti hilo 2022, huku Harvard na Dartmouth zikitangaza kulirejesha 2024.

Insha ndiyo huwashinda wengi. Mwanafunzi wetu amefunzwa kujibu maswali ya mtihani, si kujieleza. Huandika kwamba tangu utotoni alitaka kuwa daktari ili asaidie jamii, jambo ambalo maelfu ya wengine wameandika. Aliyetunza vitabu vya hesabu vya kibanda cha mamake, au aliyewafundisha hisabati watoto wa jirani jioni, ana habari nzito zaidi ya kusimulia, ila hajui kwamba hiyo ni habari.

Wanaoshika mkono

Ipo mipango inayosaidia bila kumtoza mwanafunzi. Mojawapo ni KenSAP, ulioanzishwa 2004 na mwanahabari Mmarekani John Manners pamoja na Mike Boit, mwanariadha aliyeshinda nishani ya shaba ya mita 800 katika Olimpiki za Munich 1972 na ambaye baadaye alifunza Chuo Kikuu cha Kenyatta. Mpango huo ulianza ukiwaandaa wanafunzi kutoka Bonde la Ufa kabla ya kupanuka.

Zawadi Africa, iliyoanzishwa 2002 na Susan Mboya, bintiye Tom Mboya, huwasaidia wasichana werevu kutoka familia zenye uhitaji. Benki ya Equity nayo ilianza 1998 kuwaajiri kwa muda wanafunzi bora wa KCSE katika maeneo ya matawi yake. Mpango huo ulikua na kuanza kuwashauri pia kuhusu maombi ya vyuo vya nje.

Tangu 2012, Wakfu wa Mastercard umekuwa ukifadhili vijana wa Afrika katika vyuo washirika barani humu na ng'ambo. Ubalozi wa Marekani jijini Nairobi nao una kituo cha ushauri cha EducationUSA.

Mzazi azingatie jambo moja kuhusu mipango hii: hakuna unaodai malipo ili jina la mtoto lifikiriwe. Akiombwa "pesa ya faili", ajue amekutana na mtu mwingine kabisa.

Gharama zisizosemwa

Hata ufadhili uwe kamili, kuna pesa ambazo lazima familia izitafute. Mtihani wa SAT hugharimu takriban dola 100. Pasipoti hulipiwa. Ada ya visa ya mwanafunzi wa Marekani ni dola 185, na ada ya kusajiliwa katika mfumo wa wanafunzi wa kigeni ni dola 350. Vipo vyuo vinavyolipia nauli na vipo visivyolipia.

Vyuo vingi huondoa ada ya maombi kwa asiyejiweza, mradi aombe. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na anayeona haya kusema kwamba kwao hakuna pesa hulipa haya hiyo kwa dola.

Kwa kiasi hiki, mchango wa jamaa, chama cha akina mama, kanisa au mkopo mdogo wa Sacco hutosha. Huu ndio mzigo ambao harambee iliweza kuubeba 1959 na ambao inaweza kuubeba leo. Harambee haiwezi kubeba Sh15 milioni.

Visa nayo haina uhakika. Mwishoni mwa Mei 2025, Marekani ilisitisha kwa muda kupanga mahojiano mapya ya visa za wanafunzi, kisha Juni ikayarejesha kwa sharti kwamba waombaji waziache wazi akaunti zao za mitandao ya kijamii ili zikaguliwe. Mwezi huo wa Mei, serikali hiyo ilijaribu pia kuizuia Harvard kuwasajili wanafunzi wa kigeni, hatua iliyosimamishwa na mahakama.

Kwa hivyo, mwombaji mwenye busara haachi nafasi aliyopata nyumbani kabla ya kushika visa mkononi.

Kilichotokea Eldoret

Anayedhani kwamba utapeli huwapata wajinga pekee na akumbuke yaliyotokea Uasin Gishu. Kuanzia 2021, mamia ya wazazi katika kaunti hiyo walilipa mamia ya maelfu ya shilingi kwa mpango wa kuwapeleka wana wao vyuoni Finland na Canada. Mpango huo ulibeba jina la serikali ya kaunti yenyewe.

Baadhi ya wanafunzi hawakuondoka kamwe. Wengine walifika Finland na kuambiwa karo yao haikuwa imelipwa. Mnamo 2023, wazazi waliandamana barabarani mjini Eldoret wakidai pesa zao, na suala hilo likaishia mbele ya Seneti na mahakamani. Wapo waliokuwa wameuza mashamba na mifugo.

Waliolipa walikuwa watu wa kawaida waliowaamini viongozi wao, na waliotaka kwa watoto wao kile ambacho kila mzazi hutaka. Ndiyo maana kinga si kuamini au kutoamini mtu, bali kuuliza maswali yale yale kwa kila mtu.

La kwanza: Pesa zinalipwa kwa nani? Karo halali hulipwa moja kwa moja katika akaunti ya chuo, si ya wakala. La pili: Barua hii inasema miaka yote itagharamiwa na nani? La tatu: Je, ofisi ya udahili ya chuo chenyewe, ikiandikiwa kupitia anwani iliyo kwenye tovuti yake rasmi, inathibitisha barua hii? Majibu ya maswali hayo hayagharimu hata senti, na yangewaokoa wengi.

Njia ya nyumbani

Si kila ndoto ya chuo cha hadhi hutimizwa katika shahada ya kwanza. Ipo njia ndefu kidogo, lakini yenye hatari ndogo: kusoma shahada ya kwanza nchini, kufanya vyema, kisha kutafuta ufadhili wa uzamili.

Ufadhili wa Rhodes hugharamia masomo Oxford na una nafasi zilizotengewa Kenya. Ule wa Chevening, unaotolewa na serikali ya Uingereza, hulipia uzamili wa mwaka mmoja kwa aliye na tajriba ya kazi ya takriban miaka miwili, kwa sharti kwamba atarejea nyumbani kwa angalau miaka miwili. Ujerumani nayo ina DAAD. Aliyesoma Juja au Kahawa hana kizuizi katika orodha hizo.

Hata hivyo, njia ya nyumbani nayo ina hesabu yake. Anayetaka shahada huhitaji angalau C+ katika KCSE, kisha huomba kozi kupitia idara ya KUCCPS. Chini ya mfumo wa ufadhili uliotangazwa 2023, serikali iliacha kulipa kiwango sawa kwa wote. Gharama hugawanywa kati ya ufadhili usiolipwa, mkopo wa Helb na mchango wa familia, kulingana na uwezo.

Katika viwango vitano vilivyotumika 2024, familia maskini zaidi, yenye mapato yasiyozidi Sh5,995 kwa mwezi, ilitengewa ufadhili wa asilimia 70, mkopo wa asilimia 25, na kutakiwa kulipa asilimia 5. Ile yenye mapato yanayozidi Sh120,000 ilipewa ufadhili wa asilimia 30, mkopo wa asilimia 30, na kulipa asilimia 40.

Chukua mfano wa kozi inayogharimu Sh300,000 kwa mwaka. Familia ya kiwango cha kwanza ingelipa Sh15,000, na ya kiwango cha tano Sh120,000. Ni wazi basi kwamba kuwekwa katika kiwango kisichofaa ni suala la kusoma au kukosa kusoma. Wanafunzi wengi walilalamika kwamba waliwekwa viwango visivyolingana na hali zao, na utaratibu wa kukata rufaa uliwekwa kwa sababu hiyo.

Mnamo Desemba 2024, Mahakama Kuu iliamua kwamba mfumo huo ulikiuka katiba, na mvutano ukahamia Mahakama ya Rufaa. Mwaka wa 2025, serikali ilitangaza kupunguza karo katika vyuo vya umma. Mzazi anapaswa kuuliza kiwango kinachotumika katika mwaka ambao mwanawe anajiunga, badala ya kutegemea alichosikia kwa jirani.

Wenye watoto katika sekondari pevu wana jingine la kuzingatia. Watahiniwa wa mwisho wa KCSE wanatarajiwa kuwa wa 2027, na wanafunzi wa kwanza wa mtaala wa umilisi kumaliza Gredi ya 12 mwaka wa 2028. Mkondo ambao mtoto huchagua katika Gredi ya 10 ndio utakaoamua ni kozi zipi zitamkubali baadaye.

Mazungumzo ya sebuleni

Kuna suala ambalo wahasibu hawaliandiki. Familia inapouza ardhi kwa ajili ya mtoto mmoja, huwa imewauzia wengine pia sehemu ya urithi wao. Mtoto huyo husafiri akiwa amebeba deni lisiloandikwa popote. Akishindwa, hurudi nyumbani akiwaogopa ndugu zake. Akifaulu, kila mwezi hukumbushwa.

Hivyo, uamuzi huo haufai kufanywa na baba peke yake usiku, wala kwa haraka kwa sababu wakala amesema nafasi inafungwa Ijumaa. Familia ikae pamoja, watoto wadogo wakiwemo, na iandike kwenye karatasi: gharama ya miaka yote, kinacholipwa na chuo, kinachobaki, na mahali kitakapotoka. Ikiwa safu ya mwisho haina jibu la mwaka wa pili, basi hakuna jibu hata la mwaka wa kwanza.

Kwa upande mwingine, umaskini usimfanye mzazi amzuie mtoto kujaribu. Aliyepata A mtaani Gatong'ora ana haki ya kuandika maombi Princeton kama alivyo na haki mtoto wa waziri, na iwapo atakubaliwa, chuo hicho kitalipa kile ambacho familia yake haiwezi. Kujaribu huko kutamgharimu mtihani, insha na subira ya mwaka mmoja. Hakutamgharimu ploti.

Barua inayostahili kusherehekewa ni ile inayotaja miaka minne yote na kusema nani atailipia. Nyingine zote, hata ziwe na muhuri wa dhahabu, ni mwaliko wa kuendelea kuuliza maswali.